Je, wajua kwa nini mkojo wa paka huacha doa jeusi kwenye sakafu ya mbao?

Katika nyumba za zamani za Upanga na Oysterbay, Dar es Salaam, bado zipo sakafu za mbao ngumu, mninga au mvule, ambazo leo kuziweka upya ni gharama kubwa. Nyingi zina kasoro ileile: duara jeusi lenye ukingo uliokolea, mahali paka au mbwa alipozoea kukojoa. Mwenye nyumba husugua kwa sabuni, husugua kwa siki, doa likabaki vilevile. Fundi akiitwa anasema, "Hii imekwisha, dada. Tupige vanishi nyeusi chumba kizima." Haijakwisha, na inauma kuona mbao nzuri namna ile ikifunikwa kwa rangi wakati ingeweza kurudi.

Sabuni inashindwa kwa sababu doa halijalala juu ya mbao. Ni mbao yenyewe iliyogeuka rangi. Mkojo una urea, asidi ya yuriki na chumvichumvi. Ukikaa, bakteria huivunja urea na kutoa amonia, ile inayochoma pua. Amonia inapopenya kwenye mbao hukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye miti mingi. Tanini ndiyo iliyofanya magome ya mikoko ya pwani yetu yasafirishwe ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Amonia huifanya tanini iwe ya kahawia iliyoiva. Pakiwa na chuma karibu, kwa mfano misumari iliyoshikilia mbao, unyevu wa mkojo unakitia kutu, na chuma kikishikana na tanini kinazaa weusi kabisa.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, mimina chai ya rangi iliyokolea kwenye glasi, tumbukiza msumari wenye kutu, uache hadi kesho. Chai itakuwa nyeusi. Wino wa kuandikia wa zamani huko Ulaya ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo, chuma na tanini, na maandishi yake yamedumu karne nyingi. Sasa unaelewa kwa nini kitambaa chenye sabuni hakifui dafu.

Harufu nayo ina sababu yake. Asidi ya yuriki haiyeyuki kirahisi kwenye maji, kwa hiyo unapofuta, urea na chumvi zinatoka ila yenyewe inabaki imeganda kwenye nyufa za mbao. Siku za jua hunusi kitu. Masika ikiingia, Machi hadi Mei, hewa ya Dar inajaa unyevu, mbao inaunyonya, na harufu inaamka kana kwamba paka alikojoa asubuhi. Paka naye anaisikia kabla yako, na anarudi palepale. Kinachoimaliza ni sabuni zenye vimeng'enya (enzaimu), yaani viini vinavyoivunja asidi hiyo, zinazouzwa kwenye maduka ya mahitaji ya wanyama. Zinahitaji muda, kwa hiyo mwagia, funika kwa nailoni, acha saa kadhaa. Ukimwaga na kufuta hapohapo umetupa pesa.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usimwage Jik juu ya mkojo. Klorini iliyomo ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, inayounguza mapafu, na chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa ni hatari kweli. Acha pia stili waya ya kusugulia sufuria. Inaacha vichembe vya chuma kwenye mbao, na ukija na maji unapata vidoa vyeusi vipya.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha sakafu ni ya mbao kweli. Fleti nyingi mpya zimewekwa lamineti, ambayo ni picha ya mbao juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Hiyo haipigwi msasa. Ukiikwangua picha inatoka. Tazama ukingo wa ubao karibu na mlango: mistari ya mbao halisi inapita hadi ndani.

Ikiwa ni mbao, anza kwa kuondoa vanishi kwenye mbao zilizoathirika tu, kwa msasa namba 80, ukifuata mkondo wa nyuzi. Hapo ndipo pesa zinapookolewa, maana chumba kizima hakihitaji kuguswa ili kuponya sehemu isiyozidi meza. Kisha nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ileile ya kusafishia vidonda, kwenye duka lolote la dawa. Lowesha kitambaa cheupe, kilaze juu ya doa, funika kwa nailoni, kagua kila baada ya saa chache. Hii hung'oa ule ukahawia. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kwa sababu inapausha hata mbao safi.

Weusi wa chuma ukibaki, dawa yake ni asidi ya oksaliki, unga mweupe unaotumika pia kung'arisha tarazo na marumaru. Inakishika kile chuma na kukifanya kiyeyuke, ndipo maji yanakiondoa. Koroga vijiko viwili vya mezani kwenye lita moja ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki, ukiwa umevaa glavu na miwani. Paka ubao mzima kutoka ncha hadi ncha, ukipaka doa peke yake litabaki alama iliyopauka. Weusi unaanza kufifia mbele ya macho yako. Ni sumu, kwa hiyo watoto na wanyama wakae mbali. Suuza kwa maji safi zaidi ya mara moja, acha ikauke siku mbili, na vaa barakoa utakapopiga msasa, vumbi lake lisikuingie.

Maji yatakuwa yamesimamisha nyuzi. Pitisha msasa namba 120, kisha 180, kwa mkono mwepesi, maana weupe ulioupata ni wa juujuu na ukikwangua sana unakutana tena na doa. Nyufa zijaze kwa vumbi la mbao ileile lililochanganywa na gundi ya mbao. Vanishi ipake nyembamba, mikono mitatu, msasa laini katikati. Kama unaweza kusubiri, fanya kipupwe, Juni hadi Agosti. Kwenye unyevu wa masika vanishi inachelewa kukauka.

Likikataa kabisa, mkojo umefika chini, na ubao huo utolewe. Usikimbilie kununua mpya isiyofanana na ya zamani. Kama sakafu inaendelea ndani ya kabati la ukutani, toa huko ubao mzima, uulete palipoharibika, na ndani ya kabati weka kipande chochote utakachopata kwa maseremala wa Keko. Kabla ya kuupachika, inusa saruji iliyo chini. Ikinuka, ioshe kwa sabuni ya vimeng'enya, iache ikauke kabisa, kisha ipake vanishi mikono miwili.