Oili mpya haiui giaboksi ya otomatiki

Mtaani utaambiwa gari kuukuu la otomatiki usiliguse oili ya giaboksi, eti ukibadilisha tu gia zitaanza kuteleza. Mara nyingi klachi za ndani, yaani sahani zinazoshikilia gia, zilikuwa zimeshakwisha kabla, na ndiyo sababu mwenyewe alikimbilia kwa fundi. Lawama ikaangukia oili.

Kama gari lina dipstiki ya giaboksi, kijiti cha kupimia oili, ifute kwa kitambaa cheupe. Nyekundu safi, sawa. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua, imechoka. Ya waridi kama maziwa ya stroberi? Maji ya rejeta yameingia, usiliwashe.

Halafu kagua paipu zinazopeleka oili kupozwa kwenye rejeta, hasa vipande vya mpira kwenye maungio. Mpira uliolowa na kupasukapasuka hubadilishwa. Kukaza klempu, pete inayobana mpira, peke yake ni kujidanganya.