Je, wajua kwa nini nusu ya kwanza ya tangi hufika mbali kuliko nusu ya pili?

Umejaza tangi la gari la zamani. Kilomita 50 za kwanza mshale hautikisiki. Kisha unaanza kushuka kwa madaha, na unapogusa nusu umeshatembea karibu kilomita 300. Unajipigia hesabu kwamba zimebaki 300 nyingine. Kilomita 150 baadaye mshale umelala kwenye E na taa ya njano inakukodolea macho. Hakuna aliyekuibia, wala injini haikubadili ulaji njiani. Geji haipimi lita. Inapima kimo cha boya, na boya hilo limo ndani ya tangi ambalo halina umbo la ndoo.

Boya lenyewe hufungwa kwenye ncha ya fimbo ya waya inayopanda na kushuka kama mkono. Kwenye shina la fimbo kuna kiulimi cha chuma kinachoteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kibao: hiyo ndiyo senda. Boya likishuka, kiulimi husogea, ukinzani wa umeme hubadilika na mshale hufuata. Kwenye magari mengi ya zamani ya Toyota senda husoma kama omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani) tangi likijaa na 110 likiwa tupu. Senda zilizozoeleka za kampuni ya VDO huenda kinyume, 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Kumbuka tofauti hiyo kabla ya kununua senda ya gari jingine kwa kuwa tu imeenea kwenye tundu.

Tangi likijaa kabisa, boya huwa limeshafika mwisho wake wa juu ilhali mafuta yapo juu yake na mengine yamo kwenye shingo ya kujazia. Mpaka hayo yateremke, boya halina pa kwenda, na mshale hubaki F. Halafu kuna umbo. Tangi hubanwa kati ya chesisi, ekseli na bomba la moshi, kwa hiyo mara nyingi sehemu ya chini hukatwa au kupinda na kuwa nyembamba. Sentimita moja ya juu hubeba lita nyingi kuliko sentimita moja ya chini. Mwisho, watengenezaji huweka E kwa makusudi kabla ya mafuta kuisha ili dereva asikwame.

Chukulia tangi la lita 45 na gari linalokwenda kilomita 11.3 kwa lita. Kutoka F hadi nusu zinaweza kutoka lita 26, yaani kilomita 294. Kutoka nusu hadi E zikatoka lita 13, kilomita 147. Lita 6 zilizobaki zimejificha chini ya E. Ulaji ni uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilichokosewa ni kuamini kwamba alama ya nusu ina maana ya lita 22.5.

Geji za zamani pia ni nzito kwa makusudi. Nyingi zina kibamba cha metali mbili kilichozungushiwa waya wa joto. Umeme hukipasha, kinapinda, kinasukuma mshale. Huchukua muda kutulia, na ndiyo maana mshale hauchezi kila mafuta yanapoyumba kwenye kona. Taa ya onyo nayo mara nyingi hutumia kidude kidogo, themista, ambacho mafuta hukipoza. Mafuta yakishuka chini yake hupata joto, hupitisha umeme zaidi, taa inawaka. Ikiwaka mlimani na kuzimika tambarare haijaharibika: mafuta yamekimbilia upande mmoja wa tangi.

Basi ukitaka kujua gari lako lina kilomita ngapi tumboni, iache geji na utumie pampu. Jaza mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Rudisha tripu, kihesabu kidogo cha safari, kwenye sifuri, au andika odomita, yaani jumla ya kilomita za gari, ikiwa tripu imekufa. Endesha kawaida mpaka karibu na robo, kisha jaza tena kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale na kuelekea kulekule, kwa sababu mteremko mdogo tu unaweza kubadili kiasi kinachoingia. Ukitembea kilomita 412 na zikaingia lita 36.5, gawanya: kilomita 11.3 kwa lita, au lita 8.9 kwa kilomita 100. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Jazo moja halitoshi kutoa hukumu. Petroli huvimba kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo lita 40 zilizonunuliwa alfajiri na lita 40 za mchana mkali hazina uzito sawa.

Safari yako ya tahadhari ni ujazo wa tangi ukitoa akiba, mara wastani huo. Kwa mfano wetu: 45 kutoa 6 ni 39, mara 11.3 ni kilomita 441. Punguza asilimia 10 kwa ajili ya foleni, upepo na vilima, ubaki na 400 hivi. Andika pia kilomita mshale unapopita robo tatu, nusu na robo. Baada ya matangi matatu una jedwali la geji yako, na geji yenye uongo wa kudumu inafaa kabisa ukishaujua uongo wake.

Kuna mtego mmoja wengi hawauoni: matairi. Tairi la 185/65 R14 lina kipenyo cha milimita 596. Ukifunga 185/70 R14 kipenyo kinakuwa 615, asilimia 3 zaidi. Gurudumu linazunguka mara chache kwa kilomita ileile, kwa hiyo odomita inakuandikia 412 wakati umetembea karibu 425. Unalaumu injini bure.

Ila ikiwa wastani umeshuka kweli, kwenye gari la zamani mimi ningeanza na joto la injini kabla ya kununua plagi. Themostati, vali inayozuia maji ya kupoza yasizunguke mpaka injini ipate joto, ikiganda wazi huifanya injini isifike nyuzi zake 80 hadi 90. Dalili ni mshale wa joto kuporomoka ukishika barabara kuu. Gari la kabureta yenye choki ya kujiendesha hubaki limevuta choki, na gari la injeksheni huendelea kuongezewa mafuta kana kwamba ni asubuhi. Kipuri ni cha bei ndogo, hasara yake ni ya kila siku.

Kisha inua magurudumu uyazungushe kwa mkono. Breki inayong'ang'ania utaisikia, na baada ya safari fupi rimu yake huwa ya moto kuliko nyingine. Kwenye kabureta, angalia kimo cha boya la bakuli lake la mafuta na sindano inayofungia mafuta yanayoingia humo: sindano iliyolika huacha mafuta yapande, moshi unakuwa mweusi na plagi zinavaa masizi. Kwenye injeksheni, sensa ya oksijeni iliyochoka hufanya kosa hilohilo kimyakimya. Chujio la hewa lililoziba huongeza ulaji kwenye kabureta, lakini injeksheni yenye sensa ya oksijeni hurekebisha mchanganyiko, kwa hiyo utapoteza nguvu zaidi kuliko mafuta. Kuhusu mwendo, ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba: kutoka 90 hadi 110 kwa saa, upepo unaokuzuia unaongezeka kwa nusu nzima.

Geji ikisema upuuzi mtupu, kwanza tazama geji ya joto. Zote mbili zikipanda pamoja kupita kiasi, kosa huwa kwenye kidhibiti cha volti kinachozilisha. Kama ni ya mafuta peke yake, zima swichi, chomoa waya wa senda, washa. Mshale unapaswa kwenda mwisho mmoja. Zima, gusanisha waya huo na bodi, washa kwa sekunde chache tu: uende mwisho wa pili. Mshale ukifanya hivyo, geji ni nzima na ubaya uko kwenye senda au kwenye waya wake wa ethi, ule unaoiunganisha na bodi. Ethi yenye kutu huongeza omu, hivyo kwenye Toyota ya zamani husoma pungufu na kwenye VDO husoma zaidi ya kilichomo. Ya pili ndiyo itakayokulaza njiani.

Usijaribu kupima akiba kwa kuendesha mpaka gari lizime, hasa likiwa na pampu ya umeme ndani ya tangi, kwani mafuta ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Ile hoja kwamba tangi likipungua pampu ndipo huanza kunyonya uchafu wa chini haina nguvu sana: mdomo wake hunyonya chini siku zote.

Na kama kwako mambo ni kinyume, nusu ya kwanza ndiyo inayoisha mbio, chungulia juu ya tangi. Mpira wa shingo uliopasuka au gasketi ya senda iliyokauka huvuja tangi likiwa limejaa tu, na zaidi kwenye kona. Harufu hukujia baada ya kujaza, na kilomita chache mbele inapotea. Jaza, zunguka kona kadhaa, simama mbali na moto wowote, kisha pitisha kidole kuzunguka mpira ule. Vumbi lililolowana na kugeuka tope jeusi litakuonyesha lita zako zinapotokea.