Kitunguu Kitamu Hakipimwi kwa Sukari

Msimu wa mavuno ukianza tu, maabara huanza kupokea wageni wa aina moja. Kila mmoja mkononi ana kitunguu kimoja, kikubwa, kinachong'aa, na kikaratasi chenye namba ya Brix, ile ambayo watu huichukua kuwa kipimo cha sukari. "Kimesoma 11," anasema, "kwa hiyo ni kitamu, niandikieni cheti." Nikimwambia kwamba namba hiyo haithibitishi alichokuja kuthibitisha, ananitazama kama mtu anayenyimwa haki yake. Nimechoka kulieleza jambo hili mlangoni, basi naliandika hapa.

"Kitunguu kitamu ni chenye sukari nyingi"

Sivyo. Refraktomita, kile kifaa kinachosoma Brix, haijui sukari ni nini. Inachopima ni namna mwanga unavyopinda ukipita kwenye juisi, na mwanga hupindishwa na kila kitu kilichoyeyuka humo. Kwenye kitunguu, sehemu ya vitu hivyo ni glukosi, fruktosi na sukrosi, ambazo kweli ni tamu. Sehemu nyingine ni fruktani, yaani minyororo ya fruktosi iliyoungana, ambayo hata ukiitafuna kutwa hutapata utamu wa maana. Vitunguu vya kukaa ghalani miezi mingi vimesheheni fruktani, na ndiyo maana namba yake huwa kubwa. Vitunguu vitamu vya kuliwa vibichi mara nyingi husoma kati ya 6 na 8. Vya ghalani husoma 8 hadi 12 hivi. Vile vinavyolimwa makusudi kwa ajili ya viwanda vya kukausha huvuka 15, vingine hufika 20. Basi tukimfanya Brix kuwa hakimu, taji linakwenda kwa kitunguu cha kiwandani, ambacho ukikiuma kibichi utatafuta maji kabla hujameza.

Tofauti ya sukari halisi kati ya kitunguu kitamu na kitunguu kikali ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tofauti ya ukali, kwa upande wake, inaweza kufika mara nne, mara tano, au zaidi. Kinachokifanya kitunguu kiitwe kitamu ni upungufu wa ukali, kiasi kwamba ile sukari kidogo iliyokuwamo siku zote inapata nafasi ya kusikika mdomoni.

Ukali wenyewe haumo ndani ya kitunguu kizima. Kitunguu kizima ukikinusa hakina neno. Ndani ya seli zake kuna viambata vya salfa vilivyotulia upande mmoja, na kimeng'enya kiitwacho aliinasi kimefungiwa upande mwingine. Kisu kinapopasua seli, viwili hivyo vinakutana, na ndani ya sekunde chache aliinasi inavikatakata vile viambata. Hapo ndipo inapozaliwa harufu, ladha inayochoma na gesi inayotoa machozi. Pamoja nazo hutoka mabaki mawili: amonia, na asidi ya piruviki.

Asidi ya piruviki haichomi. Tunaipima kwa sababu kila kiambata kikikatwa kinaacha piruviki, na piruviki inatulia, haikimbii hewani kama zile gesi. Ni sawa na kuhesabu maganda ya karanga ili ujue ngapi zimeliwa. Njia hii iliwekwa na Schwimmer na Weston mwaka 1961, na mpaka leo ndiyo mhimili wa kazi hii. Walikuta kwamba vitunguu visivyo vikali vilitoa mikromoli (kipimo kidogo cha kiasi cha kemikali) 2 hadi 4 za piruviki kwa kila gramu, vya kati 8 hadi 10, na vikali 15 hadi 20.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Kipande kinasagwa na maji, kisha unakiacha. Unakiacha! Wapo wanaochuja papo hapo, halafu wanashangilia namba ndogo, kumbe wamemkatiza aliinasi kazi haijaisha. Mpe dakika 10. Kisha unachuja, unatia DNPH, kemikali inayoungana na piruviki, unaweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa muda, halafu unaongeza sodiamu haidroksaidi. Hapo juisi iliyokuwa ya njano hafifu inageuka rangi ya chai ya rangi, na kadiri piruviki ilivyo nyingi ndivyo inavyokolea. Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaopita kwenye rangi, inasoma mkolezo huo. Na kwa kuwa kitunguu kina piruviki kidogo yake ya asili hata kabla hakijakatwa, kipande kingine cha kitunguu hichohicho kinapashwa moto kwanza ili kuua kimeng'enya, ndipo kinasagwa na kupimwa. Kiasi hicho kinatolewa kwenye jumla. Maabara isiyotoa kiasi hicho iseme waziwazi kwenye cheti, maana wengi hulinganisha namba mbili zilizopatikana kwa njia mbili tofauti na kugombana bure. Hata kukamua kwa kinu cha kubana badala ya kusaga kunashusha namba, kwa sababu seli nyingi hubaki hazijapasuka.

Wanunuzi wengi huweka mpaka wa kitunguu kitamu kwenye mikromoli 5 hivi. Ni mpaka wa kibiashara. Mtu aliyepata 5.2 asilie, na aliyepata 4.8 asitambe, mlaji hawezi kuwatofautisha.

Je, refraktomita tuitupe? Hapana, ila ije ya pili. Vitunguu viwili vikishathibitika kuwa na ukali mdogo, hapo sukari inaanza kuamua: chenye sukari zaidi kitaonekana kitamu zaidi. Kisicho na ukali wala sukari ni maji yenye maganda. Nimeona aina zilizopita kipimo cha piruviki kwa kishindo, na hakuna aliyetaka kuzionja mara ya pili. Kwa hiyo anayechagua aina apime ukali, halafu sukari, halafu aonje. Kwa mpangilio huo.

"Mbegu ni ya kitunguu kitamu, basi kitatoka kitamu"

Mbegu inaweka kikomo, shamba linaamua utafika wapi. Mfano unaojulikana zaidi ni Vidalia ya Georgia, Marekani. Vitunguu hivyo ni vya jamii ya Granex ya manjano, na mbegu za jamii hiyo zinauzwa sehemu nyingi. Lakini jina la Vidalia linalindwa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1986, na ni kwa vitunguu vilivyolimwa ndani ya eneo lililotajwa tu. Sababu moja kubwa ya utamu wake ni ardhi: udongo wa kichanga usioshika salfa. Panda mbegu hiyo kwenye udongo wenye salfa tele na utavuna kitunguu kingine kabisa.

Salfa ndiyo malighafi ya ukali. Mkulima ananunua mbegu ghali ya chotara, kisha anakuzia kwa SA mpaka wiki za mwisho, halafu analeta malalamiko kwamba amedanganywa na muuza mbegu. SA ni salfeti ya amonia, salfa imo ndani ya jina lake. Jipsamu nayo ni salfeti; watu huiweka kwa ajili ya kalsiamu na kusahau nusu nyingine. Mbolea ya salfeti ya potasiamu vilevile. Wala usiende upande wa pili ukakinyima kabisa, kwa sababu mche usio na salfa hudumaa na majani hupauka. Ushauri wangu, na sitauacha: salfa itolewe mapema, kitunguu kikianza kutunga uachane nayo. Ukihitaji nitrojeni wakati huo, tafuta mbolea isiyo na salfeti.

Joto kali na kiu ya maji pia huongeza ukali. Shamba moja, aina moja, upande uliokosa maji wakati vitunguu vinanenepa utatoa namba tofauti na upande uliomwagiliwa vizuri.

"Kitunguu kimoja kinatosha kupimwa"

Hasa kile kikubwa kilichochaguliwa kwa mapenzi! Vitunguu vya mstari mmoja, vya mbegu moja, hutofautiana, na hutofautiana sana. Nataka visivyopungua 10, vilivyochukuliwa kona mbalimbali za shamba, vikubwa kwa vidogo vya daraja la soko, bila kuchagua sura. Ikiwezekana kila kimoja kipimwe peke yake. Wastani wa 4 unaweza kuficha viwili vilivyofika 8, na mteja anayekutana na hivyo viwili hajui wastani wako.

"Mimi nimeonja mwenyewe, hakiwashi"

Ulionja wapi? Wengi hubandua tabaka la nje, karibu na shingo, wanatafuna, wanatabasamu. Ukali huongezeka kadiri unavyotoka nje kwenda katikati, na kadiri unavyoshuka kutoka shingoni kwenda kwenye kitako. Kwa hiyo umeonja sehemu iliyo pole kuliko zote. Kata kipande cha wima, kuanzia juu mpaka kitakoni, kipite kwenye tabaka zote, na kila muonjaji apewe cha namna hiyohiyo. Maabara nayo ifuate hivyohivyo.

Kisha kuna ulimi kuchoka. Kitunguu kikali kikitangulia, mdomo hukaa na moto wake, na kinachofuata hakipati hukumu ya haki. Vitatu kwa kikao vinatosha, maji na mkate usio na chumvi katikati, dakika kadhaa za kupumzika, na kila muonjaji apate mpangilio wake ili kisiwe kitunguu kilekile kinachoanza kwa wote. Msimwambie jina la aina. Akishajua ni ile ya bei ghali, ulimi wake umeshaamua.

Wala msitafune mara tu baada ya kukata kimoja huku kingine kilikatwa nusu saa iliyopita. Kilichokaa wazi kimeshapoteza sehemu ya gesi zake. Kateni kwa pamoja.

"Kisichotoa machozi ni kitamu"

Karibu, lakini si hivyo. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba gesi ya machozi hutengenezwa na kimeng'enya chake maalumu, tofauti na aliinasi. Maana yake ni kwamba kitunguu kinaweza kukosa machozi na bado kikawa na ladha nzito ya salfa. Tena kitunguu kilichotoka kwenye friji hutoa machozi kidogo kwa sababu ya baridi tu. Macho si kifaa cha maabara.

"Chekundu ni kikali, cheupe ni kitamu"

Rangi haihusiki. Vitunguu vingi vya viwanda vya kukausha, ambavyo ni vikali mno, ni vyeupe. Umbo bapa nalo halithibitishi kitu, ingawa aina kadhaa tamu zina umbo hilo.

"Cheti cha siku ya kuvuna kinatosha mwaka mzima"

Vitunguu vitamu vina maji mengi na havikai sana, na ukali wake hubadilika vikiwa ghalani, mara nyingine kwa kupanda. Kama unauza miezi miwili baada ya kuvuna, pima tena kabla ya kuuza.

"Nimekikaanga, kilikuwa kitamu kama asali"

Kila kitunguu kikikaangwa polepole huwa kitamu. Moto unaua aliinasi na kufukuza gesi, unaobaki ni utamu wa sukari. Tena vile vikali vya ghalani, kwa kuwa vina maji machache, mara nyingi hukaangika na kukolea rangi vizuri kuliko vitamu. Kununua kitunguu kitamu kwa bei yake kisha kukichemsha kwenye mchuzi ni kupoteza fedha, na kukitumia kama ushahidi wa ladha ni kunipotezea muda.

Ukija kupima, basi, lete vitunguu visivyopungua 10 kwenye mfuko unaopitisha hewa, si wa nailoni, na ndani uweke karatasi yenye jina la aina, tarehe ya kung'oa, siku ulipoacha kumwagilia, na mbolea zote ulizotumia pamoja na wiki ulizozitia. Namba ya Brix nitaipima mwenyewe.