Afyuni Ilikuwa Bajeti: Jinsi Mapato ya Mpopi Yalivyochora Siasa za Asia

Vita vya Afyuni, vile Uingereza ilivyopigana na China karne ya 19, vikitajwa, picha inayowajia watu wengi ni ya walanguzi wa Kiingereza wakishusha sumu usiku kwenye pwani ya China, huku serikali yao kule London ikijifanya haioni. Kazi yangu ni historia ya uchumi wa Bahari ya Hindi, na picha hiyo hunikera kwa sababu inamwachia huru mhusika mkuu. Afyuni ilikuwa mapato ya serikali. Ilikuwa na idara yake, makarani wake, viwanda vyake na mnada wake wa hadhara, na fedha zake ziliingia kwenye vitabu vya hazina kama kodi nyingine yoyote. Walanguzi walikuja mwishoni kabisa mwa safari. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini siasa za Hong Kong, za milima ya Myanmar, na hata sheria za dawa za kulevya tulizorithi Tanganyika, zina alama ya mpopi, mmea unaotoa afyuni.

Tuanzie shambani, kwenye bonde la Mto Ganges, sehemu ambazo leo ni Bihar na mashariki ya Uttar Pradesh. Mwaka 1773 gavana Warren Hastings aliifanya afyuni ya Bengal kuwa haki ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki peke yake, kampuni ya biashara iliyokuwa ndiyo serikali ya Bengal, na kufikia mwisho wa karne hiyo Kampuni ilikuwa ikisimamia kilimo chenyewe kupitia maofisa wake. Kabla ya kupanda, mkulima alipewa leseni na malipo ya awali. Akishapokea zile fedha alikuwa amejifunga: atapanda eneo lililoandikwa, na utomvu wote atauza kwa serikali kwa bei iliyopangwa na serikali. Msimu wa mavuno familia nzima iliingia kazini. Alasiri walichanja matunda mabichi ya mpopi kwa kisu chenye ncha kadhaa zilizofungwa pamoja. Usiku utomvu ulichuruzika na kuganda. Asubuhi waliukwangua na kuukusanya chomboni. Tunda moja lilichanjwa mara kadhaa, kwa siku tofauti. Ni kazi ya mikono mingi, na mara nyingi bei ya serikali haikurudisha hata gharama yake.

Sasa kwa nini waliendelea kulima? Malipo ya awali yalifika wakati kodi ya ardhi inadaiwa. Mwenye ardhi alijua vizuri fedha za afyuni zinatoka lini, naye alijipanga kulingana na siku hizo. Mkulima aliyetaka kuacha alibanwa na mwenye ardhi upande huu na watumishi wa idara upande ule. Mwishoni mwa karne ya 19 zaidi ya kaya milioni moja zilikuwa ndani ya mfumo huu. Wachumi waliolinganisha maeneo yaliyolima afyuni na maeneo jirani wameona kuwa, hadi nyakati zetu, yale ya kwanza yako nyuma katika kusoma na kuandika na katika huduma za jamii. Utawala wa kikoloni haukuona haja ya kujenga shule mahali ambapo ulihitaji tu mikono ya kuchanja.

Na mfumo wenyewe haujafa. Kiwanda cha Ghazipur, kilichoanzishwa mwaka 1820, bado kinafanya kazi chini ya serikali ya India, siku hizi kwa ajili ya dawa za hospitali kama mofini. Mkulima wa leo naye hupewa leseni ya kila msimu, hupimiwa eneo, na hulazimika kuiuzia serikali mavuno yote kwa bei isiyojadiliwa. Mkoloni aliondoka, mkataba ukabaki.

Turudi kwenye biashara. Viwandani, Patna na Ghazipur, afyuni ilifinyangwa kuwa madonge, kila donge likafungwa kwa tabaka za petali za mpopi, na madonge 40 yakapangwa kwenye sanduku moja la mbao za mwembe. Masanduku yalisafirishwa hadi Calcutta na kunadiwa. Hapo ndipo Kampuni ilipojitoa machoni pa watu. Wafanyabiashara binafsi walinunua mnadani, wakapakia meli zao, wakashusha karibu na kisiwa cha Lintin kwenye mlango wa Mto Pearl, njia ya kwenda bandari ya Guangzhou, ambako majahazi ya Wachina yaliwasubiri. China ilikuwa imepiga marufuku afyuni tangu karne ya 18, kwa hiyo Kampuni ilihakikisha meli zake yenyewe haziibebi. Lakini fedha za madini walizolipwa walanguzi ziliingia kwenye hazina ya Kampuni palepale Guangzhou, nao wakapewa hati za kulipwa London. Kwa fedha hizo Kampuni ilinunua chai. Chai ikifika Uingereza ilitozwa ushuru, na ushuru wa chai peke yake ulichangia takriban sehemu moja ya kumi ya mapato ya serikali. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi dola ilikula kwenye donge moja.

Kulikuwa na afyuni nyingine, ya Malwa, iliyolimwa kwenye himaya za watawala wa Kihindi ambako Kampuni haikuwa na ukiritimba. Waingereza waliamua kuitoza ushuru wa kupita Bombay. Sehemu kubwa ya utajiri wa wafanyabiashara wa Bombay wa zama hizo ilitoka hapo. Jamsetjee Jejeebhoy, Mparsi aliyejenga hospitali na shule ya sanaa ya mji ule, alitajirika kwa biashara ya China, na afyuni ilikuwa kiini chake. Wengine waliukwepa ushuru kwa kupitisha mzigo jangwani hadi Karachi. Jenerali wa Uingereza Charles Napier alipoiteka Sindh, eneo la Karachi, mwaka 1843, njia hiyo ilizibwa, na ushuru wa Bombay ukapandishwa mara moja, kisha tena na tena. Sisemi Sindh ilitekwa kwa sababu ya afyuni tu. Ila hazina ilifaidika mno.

Kufikia mwaka 1838 masanduku karibu 40,000 yalikuwa yakiingia China kwa mwaka, kutoka kama 4,000 au 5,000 miaka 20 nyuma. Mfalme Daoguang wa China akamtuma ofisa wake Lin Zexu kwenda Guangzhou akiwa na mamlaka kamili.

Lin aliwazingira wafanyabiashara wa kigeni kwenye maghala yao hadi watoe mzigo. Hapa ndipo jambo linaloamua kila kitu lilipotokea, nalo mara nyingi hupitwa haraka haraka. Charles Elliot, msimamizi wa biashara ya Uingereza, aliwaambia wafanyabiashara wake wamkabidhi afyuni yote, na kwamba serikali ya Malkia itawalipa. Wakafurahi, maana soko lilikuwa limekwama. Kwa ahadi ile, masanduku zaidi ya 20,000 ya magendo yaligeuka mara moja kuwa mali ya serikali ya Uingereza.

Juni 1839, pale Humen, Lin alichimbisha mabwawa matatu yaliyopakana na maji. Madonge yalivunjwavunjwa, yakatupwa kwenye maji ya chumvi, yakamwagiwa chokaa hadi yakachemka na kuyeyuka, na maji yakikupwa milango ilifunguliwa uchafu wote uende baharini. Kazi ilichukua wiki tatu hivi, ikishuhudiwa hadharani. Kabla ya kuanza, Lin alimwandikia dua mungu wa bahari, akimwomba radhi kwa kuyachafua maji yake na kumsihi awahamishe viumbe wake kwa muda. Sijasoma popote katika kumbukumbu za upande wa pili ofisa aliyemwomba radhi mtu au kitu chochote.

London ikajikuta na deni la takriban pauni milioni mbili ambalo haikuwa na fungu la kulilipa. Waziri wa Mambo ya Nje, Palmerston, alichagua kuwalipisha Wachina kwa vita. Aprili 1840 Bunge lilijadili hoja ya kuilaumu serikali, na William Gladstone, aliyekuwa bado kijana, aliishambulia vita hiyo kwa ukali. Hoja ilianguka kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura tisa. Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliomaliza vita, uliitoza China dola milioni 21, na milioni 6 kati ya hizo zilikuwa fidia ya mzigo ulioyeyushwa Humen. Kisiwa cha Hong Kong kikachukuliwa, bandari tano zikafunguliwa, na mkataba wa nyongeza wa 1843, uliotiwa saini Humen kulekule, ukawatoa Waingereza kwenye mahakama za China. Mwingereza aliyeua mtu Shanghai alihukumiwa na Waingereza wenzake, kwa sheria za kwao. Hali hiyo ilidumu hadi 1943.

Vita vya pili, 1856 hadi 1860, vilileta peninsula ya Kowloon na kuihalalisha afyuni kwa ushuru maalumu. Mwaka 1898 ikafuata ardhi kubwa ya kaskazini, iliyokodishwa kwa miaka 99. Ndiyo maana mwaka wa kuirudisha Hong Kong kwa China ulikuja kuwa 1997: kilichokuwa kinaisha ni ukodishaji wa ile ardhi ya kaskazini tu, lakini kisiwa kisingeweza kuishi bila hiyo. Tamko la pamoja la Uingereza na China la 1984 likaahidi miaka 50 ya mfumo tofauti, hadi 2047, na mvutano wa kisiasa uliofikia maandamano ya 2019 na sheria ya usalama wa taifa ya 2020 ulihusu ahadi hiyo. Vijana waliokuwa barabarani walikuwa wanadai kura na mahakama huru. Mipaka ya mji waliokuwa wanaugombea, hata hivyo, ilichorwa kwa mikataba mitatu, ya 1842, 1860 na 1898.

Beijing huianza hadithi ya taifa la kisasa mwaka 1840, na huita miaka iliyofuata karne ya kudhalilishwa. Wachambuzi wa Magharibi hupenda kuipuuza kauli hiyo kama propaganda. Naona wanakosea, kwa sababu udhalilishaji ulikuwa wa kweli na nyaraka zake ziko London. Lakini kuna sehemu ambayo simulizi rasmi huipitia juu juu. Baada ya afyuni kuhalalishwa mwaka 1858 majimbo kama Sichuan na Yunnan yalipanda mpopi yenyewe kwa wingi, hata mavuno ya nyumbani yakaipita afyuni ya kigeni, na magavana wakaitoza ushuru kulipia majeshi. Dola ya Qing, iliyokuwa ikiitawala China, ilipoanguka, makamanda waliogawana nchi waliishi kwa fedha hizohizo. Serikali ya Kikomunisti iliiangamiza biashara hiyo katika miaka michache tu baada ya amri ya Februari 1950, na sehemu kubwa ya heshima yake kwa wananchi ilipatikana hapo.

Kusini-mashariki mwa Asia hali haikuwa tofauti. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, karibu nusu ya mapato ya serikali ya Singapore yalitoka kwenye afyuni iliyovutwa na vibarua wa Kichina. Wafaransa walijenga ukiritimba wao Indochina. Burma, ambayo leo ni Myanmar, Waingereza waliweka vizuizi sehemu nyingi, lakini wakaruhusu kilimo kwenye milima ya Shan iliyo ng'ambo ya Mto Salween, kwa sababu kuitawala moja kwa moja kungewagharimu. Milima hiyohiyo, baada ya uhuru, ikawa ngome ya majeshi ya makabila na mabaki ya jeshi la Kuomintang, chama kilichoshindwa na Wakomunisti China, yote yakijilisha kwa mpopi. Taliban walipopiga marufuku kilimo chake Afghanistan mwaka 2022, Myanmar ilirudi kuwa ya kwanza duniani mwaka 2023, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Na sisi? Mkataba wa kwanza wa kimataifa dhidi ya afyuni ulitiwa saini The Hague mwaka 1912, na Mkataba wa Versailles ukawafunga waliosaini kuutekeleza. Uingereza ilipopewa dhamana ya Tanganyika na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, hati ya 1922 iliiamuru itumie humo mikataba ya kimataifa kuhusu dawa za kulevya. Marufuku ikaja kwetu kwa njia hiyo, ikiwa na faini na jela, wakati serikali ileile ilikuwa bado inauza afyuni Singapore, na iliendelea hadi Vita vya Pili vya Dunia. Heroini ilipoanza kutufikia kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Pakistan na Iran, tuliipokea na mkabala huohuo wa polisi na jela. Tiba ya methadoni kwa waraibu ilianza Muhimbili mwaka 2011.