Dhahabu ya gemu: bei yake hupangwa na nani?

Vijana wakishajua kwamba kazi yangu ni malipo ya mtandaoni, wengi huniuliza: mtu anaweza kweli kucheza gemu, akakusanya sarafu za humo, akaziuza kwa dola? Anaweza. Watu wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi huwarudishia swali jingine: atalipwa kiasi gani, na nani anayepanga bei?

Tuchukue Venezuela. Sarafu ya huko, bolivar, ilipokuwa ikiporomoka, kuanzia 2017 hivi, vijana wengi wa huko walihamia Old School RuneScape, gemu la kampuni ya Uingereza iitwayo Jagex. Gemu hilo halichagui mashine, hata kompyuta kuukuu inalimudu. Kazi ilikuwa kuua majoka ya kijani katika eneo la Wilderness. Joka likifa linaacha mifupa na ngozi. Unaokota, unajaza begi lenye nafasi 28, unakimbilia benki, unarudi. Mzigo unauzwa kwa wachezaji wengine kwenye soko la humo ndani, Grand Exchange, nao wanalipa kwa sarafu ya gemu, yaani gp.

Zikifika milioni kadhaa, anatafutwa mnunuzi, mara nyingi dalali wa mtandaoni. Wanakutana ndani ya gemu, dirisha la kubadilishana linafunguka. Muuzaji anaweka gp zake zote, upande wa pili hauweki kitu. Wanakubali. Dirisha la pili linauliza tena, wanakubali tena, biashara imekwisha. Dola zinapita njia nyingine kabisa, na hapo ndipo kwenye matatizo, nitaeleza.

Wakati huo milioni moja ya gp ilikuwa dola moja hivi au pungufu, na kwa majoka hayo mchezaji wa kawaida hakuimaliza kwa saa moja. Kwa kijana wa Marekani hiyo ni hela ya kuchekwa. Lakini mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara Venezuela kilikuwa kimeshuka hadi dola chache kwa mwezi. Kwa hiyo walikaa. Tena walikaa huku wakiwindwa, maana Wilderness inaruhusu mchezaji kumuua mwenzake na kuchukua mzigo wake; Septemba 2017 ulisambaa kwenye jukwaa la mtandaoni la Reddit mwongozo wa kuwawinda Wavenezuela hasa. Mmoja yuko kazini, mwingine amekuja kustarehe.

Kila anayeingia kuchimba, yaani kukusanya gp za kuuza, anaongeza gp zinazotafutiwa dola, na bei inashuka. Inashuka mpaka pale ambapo mtu mwenye shida kuliko wote, mwenye intaneti, anaona haimlipi tena. Kijana wa Dar au Nairobi anayepiga hesabu ya bando na umeme ajue anashindana na huyo, pamoja na programu zinazocheza zenyewe usiku kucha.

Aliyepata pesa nene hakuchimba. Ailin Graef, aliyejulikana kwa jina la Anshe Chung ndani ya Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, alinunua ardhi ya humo, akaikata viwanja, akauza na kukodisha. Mwaka 2006 alitangaza kwamba mali zake zimevuka dola milioni moja. Tena Second Life inaruhusu kubadili sarafu yake kuwa dola. Jagex hairuhusu: tangu 2013 inauza kitu kiitwacho bond, ambacho mchezaji hununua kwa pesa halisi na kumuuzia mwenzake kwa gp. Pesa inaingia, haitoki.

Sasa hayo malipo. Gp ikishatoka mkononi haina namna ya kudaiwa, ila dola iliyolipwa kwa kadi inarudishika. Mwenye kadi anapiga simu benki, anasema hakuidhinisha malipo hayo, na fedha zinavutwa kutoka kwako hata kama ni wiki kadhaa baadaye. Benki itakuomba ushahidi kwamba ulipeleka bidhaa. Utawapa picha ya dirisha la gemu? Hiyo hiyo ikifika kwa Jagex inakufungia akaunti, kwa sababu kimkataba gp ni mali yao, wewe umeruhusiwa tu kuitumia. Na baadhi ya kadi zinazokuja kwenye biashara hii ni za wizi, kwa hiyo huenda mwenye kadi anasema kweli.

Kwa hiyo mnunuzi akikwambia atalipa kwa kadi ya shemeji yake aliyeko Dubai, usibonyeze lile dirisha la pili.