Maandishi ya Printa Yakitoka Hafifu, Usikimbilie Tona na Usikoleze kwa Kalamu

Tangu tuanze kuingiza viambatisho vya wananchi kwenye mfumo kwa skana, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu hapa Mbeya yamebadilika. Zamani mtu alikuja kuuliza jalada lake limekwama wapi. Siku hizi anakuja na karatasi mkononi, analalamika kwamba zimerudishwa "kwa sababu ya wino tu".

Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike. Karani mzoefu anaweza kuinamia karatasi iliyopauka na kukisia kwamba tarakimu ile ni 8 wala si 3. Skana haikisii. Ikikuta mstari hafifu inauacha, na kinachobaki kwenye kumbukumbu ni pengo jeupe. Namba ya kiwanja iliyokosewa tarakimu moja ni namba ya kiwanja cha jirani, na huyo jirani naye ana haki zake.

Ninaamini hakuna anayetuletea karatasi hafifu kwa makusudi. Wengi ni walimu, makatibu wa vikundi, mafundi na wafanyabiashara wadogo wa Mwanjelwa, Uyole, Mbalizi hadi Tukuyu, waliojinyima wakanunua printa ndogo ya leza ili waache kupanga foleni steshenari. Printa ikianza kufifisha, wanaambiwa jambo moja: wino umekwisha, nunua mwingine. Wananunua, na maandishi yanatoka hafifu vilevile.

Kwanza, printa ya leza haina wino. Ina tona, na tona ni unga mkavu wa plastiki uliochanganywa na rangi. Mwanga wa leza huchora maandishi kwenye dramu, yaani bomba linalozunguka ndani ya printa, kwa njia ya chaji ya umeme, unga hunasa pale palipochorwa, rola iliyo chini ya karatasi huuvuta unga kutoka kwenye dramu, kisha fyuza huuyeyusha na kuugandamiza kwenye karatasi kwa joto linalozidi nyuzi 150 za Selsiasi. Kasoro inaweza kuzaliwa katika hatua yoyote kati ya hizo, na kila hatua huacha alama yake. Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha mfukoni, itazame karatasi yenyewe.

Ukurasa mzima ukiwa hafifu kwa kiwango kimoja, anza na mipangilio. Printa nyingi zina hali ya kubana matumizi, iliyoandikwa EconoMode au Toner Save kutegemea kampuni. Ikiwashwa, printa inaweka unga kidogo kwa makusudi, nawe unaidhani mbovu. Izime, na kama kuna kipimo cha ukolevu kirudishe katikati. Nimeshakutana na watu waliobadilisha katriji, yaani kasha la tona, mbili mfululizo huku hali hiyo ikiwa imewashwa kwenye kompyuta, maana mipangilio inakaa kwenye programu ya printa. Kubadili katriji hakuigusi.

Ufifi ukiwa ni ukanda unaoshuka kutoka juu hadi chini, mahali palepale kila ukurasa, unga huenda umejaa upande mmoja wa katriji, au kioo unachopitia mwanga wa leza kimeshika vumbi. Itoe katriji, ishike kwa ulalo kwa mikono miwili, itikise taratibu kulia na kushoto mara tano au sita, uirudishe. Usiigonge mezani, usiisimamishe, na nakuomba sana usiianike juani "ipate moto". Dramu, ambayo mara nyingi imo ndani ya katriji, huharibiwa na mwanga. Ikikaa nje ya printa hata kwa dakika chache ifunike kwa kitambaa cheusi. Kama kutikisa kumesaidia, umepata kurasa chache za nyongeza na tona iko ukingoni, sasa kanunue. Kama ukanda umebaki palepale, kioo kisafishwe na fundi.

Alama inayojirudia kwa umbali uleule inatoka kwenye kitu kinachozunguka. Pima kwa rula. Kwenye baadhi ya printa ndogo, doa linalorudi kila baada ya milimita 75 hivi linaonyesha dramu. Maandishi yaliyokolea lakini yanapukutika ukiyapitishia kidole hayana ufifi kabisa: hapo fyuza haichemki vya kutosha, au umeweka karatasi nzito huku printa ikiambiwa ni nyepesi.

Sasa nifike kwenye sababu ambayo huku kwetu nyanda za juu hudharauliwa kuliko zote, nayo ni karatasi. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda hadi Aprili, na upande wa Rungwe zinaendelea hata zaidi. Rimu iliyofunguliwa ikaachwa dirishani hunyonya unyevu hewani, hata kama ukiishika unaiona kavu. Karatasi yenye unyevu haishiki chaji vizuri, kwa hiyo nguvu ya kuuvuta unga kutoka kwenye dramu inapungua, na maandishi yanatoka na mabaka: hapa yamekolea, pale yamepauka. Tona yako ni nzima. Jaribu ukurasa uleule kwa karatasi iliyotoka kwenye rimu mpya muda huohuo. Ukikolea, umepata jibu bila gharama. Tangu hapo weka kwenye trei karatasi za kutumia siku hiyo, zilizobaki zifunge kwenye mfuko wa plastiki au ndoo yenye mfuniko. Kuzianika au kuzikausha karibu na jiko hakufai, maana zinajikunja na kukwama ndani.

Mwezi Juni na Julai tatizo linageuka. Printa iliyosafirishwa usiku kutoka Makete au Njombe, ikaingizwa kwenye chumba chenye joto, hupata umande ndani. Iache bila kuiwasha kwa saa mbili hivi.

Kama bado hujui kosa liko wapi, kuna jaribio moja ambalo mafundi hulitumia. Agiza ukurasa, na karatasi ikifika nusu ya safari fungua mlango wa mbele ili printa isimame. Toa katriji, tazama dramu. Ukiona maandishi ya unga yamekolea kwenye dramu huku kwenye karatasi ni hafifu, ile rola ya chini ya karatasi inayohamisha unga imechoka. Dramu yenyewe ikiwa hafifu, tatizo ni tona, katriji au leza. Usiguse fyuza, inaunguza.

Wenye printa za Brother, ambazo dramu na tona hutengana, wana hatua moja zaidi: kuna kidude cha kusukuma kinachosafisha waya wa korona, ule unaoipa dramu chaji. Kisukume huku na huko mara kadhaa, kisha kirudishe kwenye alama yake. Usipokirudisha utapata mstari wa wima kwenye kila ukurasa.

Kuhusu tona za kujaza, sizipingi. Lakini kwenye katriji za HP za aina ya 85A dramu imo humohumo, na anayejaza unga pekee anakurudishia dramu ileile iliyochakaa. Katriji hiyo ikiwa mpya hukadiriwa kutoa kurasa 1,600 hivi, kwa ukurasa uliofunikwa na unga kwa asilimia 5 tu. Ukichapa majedwali na picha utaumaliza mapema zaidi, na hujaibiwa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la bidhaa. Ukishuku bidhaa bandia, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, nako bila risiti utahangaika kueleza umenunua wapi. Unga ukimwagika, futa kwa kitambaa kikavu na nguo ifue kwa maji ya baridi. Maji ya moto huugandisha.

Nieleze na utaratibu wa dirishani, kwa kuwa hapa ndipo maneno mengi yanapozushwa. Karani wa mapokezi hupitia kila ukurasa kabla ya kugonga muhuri wa kupokea. Anatazama mambo manne: jina, namba, tarehe na saini. Moja likiwa halisomeki baada ya kupita kwenye skana, ukurasa huo hurudishwa na fomu inayotaja ukurasa na mstari wenye kasoro. Ukurasa huo pekee. Si kweli kwamba maombi yote yamekataliwa, na si kweli kwamba karani anatafuta chochote kwako. Tarehe ya kupokelewa inahesabiwa siku nyaraka zinapokamilika. Kama ukurasa hafifu ni kiapo, kuuchapa upya pekee hakutoshi: utalazimika kuapa upya mbele ya wakili au hakimu, kwa sababu muhuri na saini haviwezi kuhamishwa kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Gharama hiyo ni yako. Kutoa kopi nyeusi zaidi ya karatasi hafifu nako hakusaidii, kwani kopi inakoleza na uchafu wa nyuma.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usikoleze herufi kwa kalamu. Tunaletewa kila mara, na mletaji anajiona ametusaidia. Nyaraka iliyopitiwa kwa kalamu baada ya kusainiwa ni nyaraka iliyobadilishwa, na hatuipokei, hata kama ulichoandika ni kilekile kilichokuwepo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kudanganya, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka saba. Bila nia ya kudanganya hakuna kosa hilo, na sisemi kwamba anayekoleza ni mhalifu. Ninachosema ni kwamba karani hana kipimo cha kuona nia yako. Anaona kalamu juu ya chapa, naye ana wajibu wa kuandika taarifa. Ukishaandikiwa taarifa, utaanza kujieleza kwa jambo ambalo karatasi kavu ingelimaliza.

Ofisi yetu haitengenezi printa. Lakini ukichapa ukurasa mmoja wa kiapo chako ukiwa bado hujausaini, uulete kwenye dirisha la skana asubuhi kabla foleni haijaanza, tutaupitisha na kukuonyesha kwenye kompyuta unavyosomeka. Ukisomeka, ndipo uende kwa wakili.