Tiba ya uraibu wa heroini bila kulazwa: maswali na majibu

Je, mtu anaweza kutibiwa uraibu wa heroini huku akilala nyumbani kwake?

Anaweza, na kwa wengi ndivyo inavyofanyika. Kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, nchini Tanzania ilifunguliwa mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, zikafuata za Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa hufika kila siku, hupewa dawa ya maji kikombeni, huinywa mbele ya mhudumu, huongea kidogo ili ionekane kwamba ameimeza, kisha huenda kwenye shughuli zake.

Huko si kubadili ulevi mmoja kwa mwingine?

Wazazi wengi huuliza hivyo, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni na mwili huizoea. Tofauti iko katika mwendo wake. Unga, yaani heroini, hupanda haraka na kuisha baada ya saa chache, hivyo mtumiaji hushinda akikimbizana na arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga, ilhali dozi moja ya methadoni, ikishapatikana iliyo sahihi, humwondolea maumivu ya viungo, kuhara na jasho kwa takriban siku nzima bila kumpa stimu. Dozi huanza ndogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30, na hupandishwa polepole kwa sababu dawa hujikusanya mwilini. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana, hasa kwa anayechanganya na pombe au valiamu, maana pumzi inaweza kukatika akiwa usingizini.

Kuna dawa nyingine?

Ipo buprenofini, inayowekwa chini ya ulimi hadi iyeyuke. Nguvu yake ina kikomo, kwa hiyo haizuii pumzi kirahisi kama methadoni, lakini ni lazima mgonjwa asubiri arosto ianze ndipo aitumie, la sivyo dawa yenyewe itamtia arosto kali. Naltreksoni hufanya kazi kwa kuzuia kabisa unga usimpate mtu, nayo humfaa yule tu aliyekwisha kukaa siku 7 hadi 10 bila afyuni yoyote.

Itakuwaje kwa mwenye TB au VVU?

Atibiwe yote pamoja, ila kila kliniki ijulishwe dawa za nyingine. Rifampisini ya TB huharakisha mwili kuivunja methadoni, na efavirenzi ya VVU hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa akianza kutetemeka na kupiga miayo, ni rahisi kudhaniwa amerudia unga, kumbe dozi ndiyo iliyopungukiwa nguvu.

Tiba huchukua muda gani?

Mara nyingi miaka, na haina haja ya kuharakishwa. Anayekatisha ghafla hupoteza ule uzoefu wa mwili, na kipimo cha unga alichokizoea zamani kinaweza kumuua. Hata aliyekosa dozi siku tatu mfululizo asinywe kipimo chake cha kawaida. Aonane kwanza na daktari, aanzishiwe kilichopunguzwa.